Mtambo wa Kikuletwa na Maisha Yake ya Pili

Mvua inayonyesha kwenye miteremko ya kusini ya Mlima Meru haina haraka ya kufika baharini. Sehemu yake inashuka kwa Themi na Naura, mito inayokatiza katikati ya Jiji la Arusha, na nyingine inapitia Nduruma, Tengeru, Usa na Maji ya Chai. Iliyobaki inazama kwenye miamba ya volkano, kisha inaibuka tena kule tambarare kama chemchemi. Maji haya yote yanakutana na yale yanayotoka Kilimanjaro katika mto Kikuletwa, nao unaingia katika Bwawa la Nyumba ya Mungu. Toka hapo mto unaitwa Pangani, mpaka Bahari ya Hindi.

Kabla ya kufika bwawani, upande wa wilaya ya Hai, maji hayo yaliwahi kuzungusha mashine za umeme. Kituo cha Kikuletwa kilijengwa katika miaka ya 1930, kikiwa na uwezo wa megawati 1.16. Kilizalisha umeme miaka mingi, kikasimamishwa katika miaka ya 1980, kikakaa kimya muda wa kizazi kizima. Leo kiko mikononi mwa Chuo cha Ufundi Arusha, na vijana wanakwenda pale kujifunza namna umeme unavyopatikana kwa maji, jua na upepo.

Habari za kituo kidogo kama hiki hazipewi nafasi kubwa vitabuni. Lakini dunia sasa imo katika shughuli ya kufunga mitambo ya zamani ya umeme, hasa ile ya makaa ya mawe, na kila inapofungwa watu wanauliza swali moja: baada ya kuzima, ni nini? Mkoa wa Arusha haujawahi kuwa na mtambo wa makaa ya mawe. Hata hivyo watu wake wanalo swali hilo wenyewe, na jibu lake limeandikwa kando ya Kikuletwa.

Reli kutoka Moshi ilifika Arusha mwaka 1929. Mji ulikuwa bado mdogo: Boma lililojengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, mtaa wa maduka, hoteli za wageni, na mashamba ya kahawa na mkonge pande zote. Miaka miwili baadaye, mwaka 1931, ilianzishwa kampuni ya Tanganyika Electric Supply, ambayo kifupi chake, TANESCO, tunacho hadi leo. Dar es Salaam ilikuwa na kampuni yake nyingine, DARESCO. TANESCO ya wakati ule iliangalia zaidi kaskazini, kwenye mkonge wa Tanga, na ndiyo maana maporomoko ya Pangani yaliwekewa mashine zake mapema, katikati ya miaka hiyohiyo ya 1930. Kikuletwa ni ndugu mdogo wa Pangani, kwa ukubwa na kwa mto.

Wapo wanaokiita mtambo wa Mjerumani. Jina hilo limeshika sana kaskazini, ambako kila jengo la mawe lenye kuta nene huhesabiwa kuwa la Mjerumani. Lakini miaka ya 1930 bendera iliyopepea Tanganyika ilikuwa ya Mwingereza, aliyeitawala nchi kwa udhamini wa Shirikisho la Mataifa, na umeme ulikuwa biashara ya kampuni binafsi zilizouza kwa wenye uwezo wa kulipa. Nguzo zilifuata mashamba, ofisi za serikali, hospitali, viwanda vya kukobolea kahawa na nyumba za maofisa. Kwenye vihamba vya Wameru na Waarusha, juu mlimani, kibatari kiliendelea kuwaka. Mto ulikuwa wa wote, ila mwanga wake ulikuwa wa wachache, na hili ni jambo la kukumbukwa kila zinapotolewa sifa za mitambo ya enzi hizo.

Kazi yenyewe ya kituo kama hicho inapendeza kuitazama. Mto unawekewa banio, ukuta mfupi unaoinua maji kidogo na kuyageuzia kwenye mfereji. Mfereji unafuata kontua ya kilima kwa mteremko mdogo mno, ili maji yasipoteze kimo chake. Mwisho wa mfereji kuna kisima cha kutulizia maji, na mbele yake safu ya nondo za kuzuia takataka. Kutoka hapo maji yanaangushwa kwa bomba la chuma hadi kwenye nyumba ya mashine, ambako yanalisukuma gurudumu lenye mapanga, gurudumu linazungusha jenereta, na maji yanarudi mtoni yakiwa kamili, hata ndoo haikupungua.

Zamu katika kituo cha namna hii inataka macho na masikio. Mvua za masika zinapopiga mlimani, mto unakuja na migomba iliyong'olewa, matawi, magunia na mchanga wa volkano. Takataka zikijaa kwenye nondo, maji yanapungua ndani ya bomba na mashine inalegea, kwa hiyo mtu anasimama pale na reki ndefu, usiku na mchana, akizivuta. Mchanga ukipita unakwangua mapanga ya gurudumu kama tupa. Fundi mzoefu anasikia mabadiliko ya mvumo kabla sindano ya kwenye mita haijacheza. Mashine ikienda kasi mno au polepole mno, taa za mji zinamulika ovyo na mota za viwandani zinaungua, maana umeme wa kwetu unatakiwa kupiga mizunguko 50 kwa kila sekunde, bila kuzidi wala kupungua.

Megawati 1.16 ni kiasi gani? Ni kilowati 1,160. Majagi 580 ya kuchemshia maji, yale ya kilowati 2, yakiwashwa kwa pamoja yanaumaliza umeme wote wa Kikuletwa. Kwa mji mdogo wa miaka ya 1930, usio na majagi hayo wala majokofu mengi, ilikuwa neema. Kwa Arusha iliyokuja baadaye haikutosha kitu.

Mji huo ulikua kwa kasi baada ya Uhuru. Mwaka 1967 peke yake ulileta Azimio la Arusha mwezi Februari na, kabla mwaka haujaisha, makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza. Viwanda navyo viliongezeka: matairi ya General Tyre, nguo za Kiltex na Sunflag, bia. Mwaka 1978 majengo ya kituo cha mikutano cha AICC yalifunguliwa, na mabawa yake matatu yaliyopewa majina ya Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro yalihitaji lifti, taa na mitambo ya tafsiri. Umeme wa mahitaji haya yote usingeweza kutoka kwenye banio moja la mto.

Nchi ilijibu kwa mitambo mikubwa. Hale, chini zaidi kwenye mto uleule, ilianza mwaka 1964 na megawati 21. Nyumba ya Mungu ikafuata kabla ya muongo kwisha, na megawati 8, pamoja na bwawa lililogeuza pia maisha ya wavuvi. Mwaka 1975 Kidatu ilianza kutoa umeme kutoka mto Ruaha Mkuu, na ilipokamilika ikafikia megawati 204. Njia za kilovoti 132 zilipanda kutoka Hale kupitia Same hadi Kiyungi, Moshi, na kuendelea mpaka kituo cha kupozea umeme cha Njiro, Arusha. Serikali nayo ilikuwa imekwishanunua hisa za kampuni za umeme na kuziunganisha kuwa shirika moja la umma. Mtu aliyewasha taa katika mitaa ya Kijenge au Kaloleni hakuwa na haja tena ya kujua ni mto gani unaomwangazia.

Katika mazingira hayo, kituo cha megawati 1.16 kilihesabiwa kama salio. Kilitaka walinzi, mafundi wa zamu, vipuri vya mashine ambazo watengenezaji wake hawakuwa wakizitoa tena, na usafishaji wa mfereji usiokwisha. Miaka ya mwanzo ya 1980 ilikuwa pia ya ukata mkubwa Tanzania: vita vya Kagera vilikuwa vimekausha hazina, fedha za kigeni zilikuwa haba, hata sabuni ilipatikana kwa foleni. Kikuletwa kilisimama katika muongo huo.

Uzito wa jambo uko kwenye kilichofuata, kwa sababu mtambo haukupewa kazi nyingine. Majengo yalibaki, mfereji ukabaki, mto ukaendelea kupita pembeni, na karibu miaka 30 ikaenda. Ujuzi wa wale waliojua kusikiliza mvumo wa mashine zile ulistaafu pamoja nao. Hii ndiyo hasara kubwa zaidi ya kuzima mtambo bila kuandaa kinachofuata. Vyuma vinaweza kununuliwa upya, lakini fundi aliyekaa zamu miaka 20 hana duka anakouzwa.

Katika miongo hiyohiyo Arusha ilionja giza. Ukame wa mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulileta mgao nchi nzima, kwa kuwa Tanzania ilikuwa imeweka karibu mayai yake yote kwenye maji. Mgao ukarudi mwaka 2006, mkali zaidi. Serikali ikaingia mkataba wa umeme wa dharura wa megawati 100 na kampuni ya Richmond, na mkataba huo ukaivuruga nchi: Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa, mbunge wa Monduli, jirani kabisa na Arusha, alijiuzulu baada ya ripoti ya kamati teule ya Bunge iliyoongozwa na Dk Harrison Mwakyembe. Wakati huo mitaa ya mjini, kuanzia Mnara wa Saa hadi Soko Kuu, ilijaa mlio wa majenereta yaliyowekwa vibarazani. Vinyozi walinyoa kwa saa. Mabucha yaliuza nyama mapema kabla haijaharibika. Kikuletwa kisingeweza kuokoa jahazi, hilo liko wazi kwa hesabu ya majagi. Ila nchi yenye njaa ya umeme iliyoacha banio na mfereji vikiota majani ilikuwa na deni la kujieleza.

Kaskazini hawako peke yao katika hili. Kiwira, kusini magharibi mwa Tanzania, ulikuwepo mgodi wa makaa ya mawe uliojengwa kwa msaada wa China na kuanza kazi mwaka 1988, ukiwa na mtambo wake wa umeme wa megawati 6. Hiyo ndiyo hadithi ya karibu zaidi ya makaa ya mawe na umeme katika nchi hii. Mwaka 2005 mgodi ulibinafsishwa, ahadi za mtambo mkubwa zaidi zikatolewa, uzalishaji ukasimama, na wafanyakazi wakabaki wakidai stahiki zao. Hatimaye serikali iliurudisha mgodi kwenye mikono ya umma chini ya shirika la madini la taifa, STAMICO. Hakuna aliyepanga kuufunga mtambo wa Kiwira. Ulifungika wenyewe, na gharama ya kufungika huko ililipwa na familia za wachimbaji.

Kufunga kwa mpango ni kazi nyingine kabisa. Uingereza, nchi ambayo kituo chake cha kwanza cha umma cha umeme wa makaa ya mawe kiliwashwa Holborn, London, mwaka 1882, ilizima cha mwisho, Ratcliffe-on-Soar, Septemba 30, 2024. Tarehe ilijulikana miaka kadhaa kabla, kwa hiyo wafanyakazi walipata muda wa kuhama vitengo, kujifunza kazi mpya au kujiandaa kustaafu. Afrika Kusini ilikuwa imetangulia na jaribio zito zaidi. Oktoba 31, 2022, shirika la Eskom lilizima mashine ya mwisho ya Komati, kituo cha makaa ya mawe cha Mpumalanga kilichoanza mwaka 1961. Benki ya Dunia ilitoa dola milioni 497 ili eneo hilo lijengewe sola, upepo na betri, na watu wake wafundishwe kazi za nishati jadidifu. Walioishi kwa Komati walilalamika kwamba mashine zilizimwa haraka kuliko ajira mpya zilivyokuja, na malalamiko yao yalikuwa na haki. Pamoja na hayo, wazo la kugeuza kituo cha umeme kuwa mahali pa kufundishia lilikuwa sahihi, na kaskazini mwa Tanzania lilikuwa limekwishaanza kufanyiwa kazi.

Chuo cha Ufundi Arusha kilifunguliwa mwaka 1978 kutokana na makubaliano kati ya Tanzania na Ujerumani Magharibi ya wakati huo. Shabaha yake ilikuwa kuwatoa mafundi sanifu, watu wa kati wanaosimama baina ya mhandisi na fundi mchundo, ambao bila wao mchoro wa mhandisi hauondoki mezani. Vizazi vya wanafunzi wake vimejenga barabara, kutengeneza magari, kufunga nyaya na kuchimba visima kuanzia Namanga hadi Songea. Mwaka 2007 kilipata hadhi mpya na mamlaka ya kutoa mafunzo ya ngazi za juu zaidi. Kilichokosekana ni mahali pa kufundishia umeme wa maji kwa kushika. Mwanafunzi anaweza kuchora bomba la kuangushia maji kwenye daftari mpaka kalamu ikaisha wino, lakini hajui uzito wake mpaka asimame chini yake.

Chuo kilikabidhiwa Kikuletwa na TANESCO. Banio lilelile lililowahi kuwaangazia wenye mashamba likawa mali ya wanafunzi. Msukumo mkubwa ukaja na mradi wa EASTRIP wa Benki ya Dunia, ulioidhinishwa mwaka 2018 kwa ajili ya vyuo vya ufundi vya Ethiopia, Kenya na Tanzania. Tanzania ilipata vituo vinne: Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kwa usafiri wa anga, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam kwa mawasiliano, kampasi yake ya Mwanza kwa ngozi, na Arusha kwa nishati jadidifu huko Kikuletwa. Fungu la Arusha lilizidi dola milioni 16. Kwa fedha hizo yamejengwa madarasa, karakana na mabweni kando ya mto, na kituo kikapewa sura ya kanda, kinachopokea wanafunzi kutoka nchi jirani pia.

Uzuri wa uamuzi huu uko katika kulenga watu. Tanzania haina upungufu wa mipango ya umeme. Ina upungufu wa mikono inayoweza kukarabati transfoma kijijini, kupanga paneli za jua zisipigwe na kivuli cha mti saa nane mchana, na kujua betri imekufa kwa sababu ya joto au kwa sababu ya kuchajiwa vibaya. Vijiji vya Longido, Monduli na Simanjiro vimejaa vipande vya sola vilivyonunuliwa kwa jasho na kuachwa juu ya bati kwa kukosa fundi. Kila fundi sanifu anayetoka Kikuletwa akiwa amewahi kusafisha nondo, kupima kasi ya maji na kuunganisha jenereta kwa mkono wake mwenyewe ana thamani kwa vijiji hivyo kuliko megawati ambayo kituo kingeitoa.

Nje ya chuo, ramani ya umeme imebadilika tena. Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji lina mashine 9 za megawati 235 kila moja. Mashine moja tu kati ya hizo ni sawa na Kikuletwa 200. Ya kwanza iliwashwa Februari 2024. Lakini Rufiji iko mbali na Meru, na umeme unaosafiri mamia ya kilometa unapungua njiani, kaskazini ikabaki inapata msongo dhaifu nyakati za jioni. Njia ya kilovoti 400 nayo ilijengwa kutoka Singida kupitia Arusha hadi Namanga na kuingia Isinya, Kenya, kilometa 507.5 kwa jumla. Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza akiwa Kilimanjaro kwamba kaskazini itanunua umeme wa Ethiopia kupitia njia hiyo, wengi walishangaa: nchi yenye bwawa jipya inanunuaje? Maelezo yalikuwa ya kihandisi. Wanaokumbuka Kikuletwa wanajua hoja hiyo ni ya zamani. Umeme unaozalishwa karibu na anayeutumia hauna safari ya kupotea.

Mlima wenyewe nao umebanwa. Miteremko iliyokuwa na misitu imeshonana nyumba, mashamba ya maua na mbogamboga yanavuta maji kwa pampu, na mifereji ya asili ya Wameru na Waarusha inagombewa kila kiangazi. Arusha imetekeleza mradi wa maji wa Sh520 bilioni unaotegemea visima na pampu za umeme, kiasi kwamba umeme sasa ndio unaopandisha maji mjini. Bodi ya Maji Bonde la Pangani, iliyoanza mwaka 1991 kama ofisi ya bonde, ndiyo inayotoa vibali vya nani achukue kiasi gani na mwezi gani.

Kikuletwa kikizungusha mashine tena kitahitaji nafasi yake katika hesabu hiyo. Umeme wa maji haunywi maji, unayaazima na kuyarudisha, lakini kati ya banio na nyumba ya mashine kuna kipande cha mto kinachobaki na maji machache, na kule juu kila mkulima anayefungua lango la mfereji wake anapunguza kinachofika kwenye bomba. Wakulima wa Arumeru na Hai wana madai ya kweli, wavuvi wa Nyumba ya Mungu vivyo hivyo, na Hale na Pangani zilizoko chini zinasubiri maji yaleyale. Wanafunzi wakipima kina cha mto kwa fimbo yenye alama, asubuhi na jioni, watakusanya takwimu ambazo mazungumzo hayo yatazihitaji.